Daftari la Magari na Kosa Langu

Muhula uliopita Chama cha Jiografia cha shule yetu kilipewa kazi ya kutengeneza daftari la magari, nami nikachaguliwa kuwa mwandishi wake. Napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu jinsi kazi hiyo ilivyokwenda, ingawa sehemu kubwa ya habari hii hainiletei sifa.

Chanzo chake kilikuwa somo la biashara baina ya mataifa. Mwalimu alituambia kwamba si lazima tusafiri mpaka bandari ya Dar es Salaam ili tuone bidhaa za dunia, maana hata huku kwetu milimani zinapita kila siku mbele ya macho yetu. Akatuagiza tuandike kila aina ya gari tutakayoiona Kibondo na Kasulu wakati wa likizo fupi. Daftari lilikuwa na safu nne: jina la gari, aina yake, kazi yake, na nchi ya asili. Mimi nilipewa Kibondo. Mwenzangu ninayekaa naye dawati moja, ambaye kwao ni kijiji kimoja cha Kasulu, akapewa Kasulu.

Nilianza kazi kwa furaha kubwa. Asubuhi, ukungu ungali umelala mabondeni, nilikuwa nimekwisha kaa karibu na stendi, daftari magotini na kalamu mkononi. Safu tatu za kwanza hazikunipa taabu. Ya nne niliiona nyepesi kuliko zote, kwa kuwa nilijiwekea kanuni moja: jina la gari ndilo taifa lake. Toyota ni Japani. Scania ni Sweden. Land Rover ni Uingereza. Pikipiki ya Boxer ni India, maana ni ya kampuni ya Bajaj. Howo, lile lori kubwa la kokoto tulilolizoea tangu barabara ya Nyakanazi ilipoanza kutiwa lami, ni China. Kwa siku mbili nilijaza kurasa 6, wala sikusimama hata mara moja kufikiri. Shule ilipofunguliwa nililionyesha daftari langu kwa kila aliyetaka kulitazama, na kwa wengine wasiotaka pia.

Sasa nieleze kosa langu.

Shule yetu ina pikapu moja ya Toyota Hilux, iliyokwisha fanya kazi miaka mingi. Ndiyo iletayo unga na maharage, na usiku ndiyo ipelekayo wagonjwa hospitali ya wilaya. Juma lile klachi yake ilikuwa imekwisha, ikawa imesimama chini ya mwembe. Mzee dereva, ambaye alikuwa amehamia kwetu miezi miwili tu, alikuwa akizungumza kwa simu na muuza spea mmoja wa Mwanza. Nilipita karibu nikiwa na daftari kwapani, nikamsikia yule muuzaji akiuliza, "Hilux yenyewe ni ya Japani au ya Sauzi?"

Mzee akasita. Kadi ya gari ilikuwa imefungiwa ofisini, na Mkuu wa Shule alikuwa safarini Kigoma. Nami, pasipo kuulizwa, nikasogea nikafungua daftari.

"Shikamoo, mzee. Imo humu. Ni ya Japani."

"Marahaba. Una hakika, kijana?"

"Hakika kabisa, mzee. Toyota ni Mjapani."

Akalitazama daftari langu, lenye mistari iliyopigwa kwa rula na maandishi ya wino wa rangi mbili, akaniamini. Nani asingeliamini daftari safi kama lile? Akamwambia muuzaji, "Ya Japani." Fedha zikatumwa.

Siku ya tatu spea ikafika kwa basi. Fundi alikwisha shusha giaboksi, naye alipojaribu kuitia ile sahani ya klachi, haikukubali. Meno ya katikati hayakuoana na yale ya shafti, na upana wake ulikuwa mdogo kuliko uliotakiwa. Muuzaji hakuwa na kosa lolote, maana alileta kile alichoombwa: klachi ya Hilux ya zamani iliyoundwa Japani. Ikabidi irudishwe Mwanza na kungojea nyingine. Pikapu ikalala chini ya mwembe siku 9 zaidi.

Katika usiku wa nne wa siku hizo, mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza alishikwa na malaria. Homa ilipanda mno, akaanza kuweweseka na kuwaita watu wa nyumbani kwao. Ilikuwa yapata saa nane ya usiku, na mvua ilikuwa ikinyesha. Mwalimu wa zamu alipiga simu huku na huku mpaka akampata kijana mmoja wa bodaboda aliyekubali kuja. Wakamfunika mgonjwa kwa blanketi, wakamweka katikati, dereva mbele na mwalimu nyuma akimshikilia asianguke. Mimi nilikuwa nimeshika taa langoni. Niliiona taa ya pikipiki ikishuka mlimani, ikiyumba kila ilipokanyaga tope, mpaka ikapotea. Kisha nikageuka, nikaiona pikapu imesimama pale pale chini ya mwembe, na maji yakitiririka juu ya boneti yake.

Mungu alimjalia yule mtoto akapona, akarudi darasani baada ya siku 5. Lakini usiku ule sikupata usingizi. Hakuna mtu aliyenikaripia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mzee dereva alisema tu kwamba mambo ya magari ndivyo yalivyo. Nilijua kwamba sivyo. Gari lilikuwa limesimama hatua 20 kutoka mahali nilipokuwa nikisema "hakika kabisa," nami sikwenda kulitazama.

Kulipokucha nilimwendea fundi, nikamwamkia, nikamwambia habari yote. Fundi ni mtu mzima asiye na maneno mengi. Aliendelea kufuta mikono yake kwa kitambaa, halafu akasema, "Mwanangu, gari haliulizwi jina, gari husomwa. Njoo."

Akafungua boneti akanionyesha kibati kidogo. Kisha akainama karibu na gurudumu la mbele la kulia, akasugua tope juu ya chesisi kwa kidole gumba, na maandishi yale yale yakatokea yamepigwa katika chuma. Yalikuwa herufi na tarakimu 17 zikifuatana. Tatu za kwanza zilikuwa AHT.

Akanieleza, na baadaye nilisoma zaidi maktabani, nikaona kwamba alinieleza kweli tupu. Zamani kila kiwanda kilikuwa na desturi yake ya kuyapa magari namba. Mwaka 1981 Marekani iliamuru namba iwe ya alama 17, na mpango huo umeenea sehemu kubwa ya dunia. Herufi za I, O na Q hazitumiwi, maana huweza kudhaniwa kuwa moja au sifuri. Alama ya kwanza hutaja upande wa dunia au nchi, nazo tatu za kwanza kwa pamoja humtaja mwundaji. J ni Japani. L ni China. W ni Ujerumani. YS ni Sweden. MA mpaka ME ni India. AA mpaka AH ni Afrika Kusini. Basi AHT ya pikapu yetu maana yake ni Toyota ya Afrika Kusini, ambayo kiwanda chake kipo Prospecton, katika jiji la Durban.

Nilistaajabu mno. Nikazidi kustaajabu nilipojifunza habari za Hilux yenyewe. Hilux ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1968. Lakini ile ya kizazi kilichotokea mwaka 2004 iliundiwa Thailand, kisha Afrika Kusini na Argentina pia. Huko Japani iliacha kuuzwa kabisa, na ilipoanza kuuzwa tena mwaka 2017 Wajapani waliagiza kutoka Thailand. Hebu fikirini, ndugu wasomaji: Mjapani wa Tokyo anayenunua Hilux mpya analetewa kwa meli kutoka nchi ya kigeni, kama sisi tu!

Basi nilirudi darasani, nikapiga mstari mwekundu juu ya kurasa zangu zote 6, nikaanza upya. Safari hii nilikuwa na kanuni ya pili: nchi ya gari ni pale lilipoundwa, kama kibati kisemavyo. Nikadhani taabu zangu zimekwisha. Kumbe ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza.

Gari la kwanza kunishinda lilikuwa Probox, moja ya zile gari ndogo ambazo abiria wa huku huziita michomoko. Nilimwomba dereva wake aniruhusu kusoma namba. Sikuona alama 17 hata kidogo. Niliona NCP51, kistari, na tarakimu chache. Fundi aliniambia kwamba magari yaliyouzwa kwanza kwa Wajapani wenyewe, kisha yakaletwa kwetu yakiwa yamekwisha tumika, hayana namba ndefu ya kimataifa. Yana namba fupi ya desturi ya Japani. Kwa hiyo hapa ufupi wa namba ndio uliokuwa ushahidi.

La pili lilikuwa Land Rover. Gari hili lilianza mwaka 1948 huko Solihull, Uingereza, na wazee wetu wanalijua kuliko walijuavyo gari lolote. Land Rover Defender ya zamani ilikuwa ya huko huko mpaka mwaka 2016 ilipoacha kuundwa. Defender ya sasa huundwa katika mji wa Nitra, nchi ya Slovakia. Lakini alama zake tatu za kwanza zimebaki SAL, na S hapo ni ya Uingereza! Maana alama hizo humtaja mwundaji, na mwundaji makao yake ni Uingereza. Mahali kiwanda kilipo huonyeshwa na alama nyingine ya mbele zaidi, ile ya 11. Tena, tangu mwaka 2008 kampuni yenyewe ni mali ya Tata ya India. Je, niandike Uingereza, Slovakia, au India?

La tatu lilikuwa Land Cruiser nyeupe, kama zile za mashirika ya kuwahudumia wakimbizi, ambazo kwa miaka mingi zimepita njia hii kwenda Nduta na Nyarugusu. Kibati kilisema Japani. Lakini dereva wake alinieleza kwamba ilifika Afrika kwa kupitia Gibraltar, ule mwamba ulio kusini mwa Hispania chini ya mamlaka ya Uingereza. Huko iko kampuni iuzayo magari ya Toyota kwa mashirika ya misaada, nayo huyatia redio, matangi ya mafuta ya akiba, au vitanda vya wagonjwa kabla ya kuyasafirisha. Gari liliondoka Japani likiwa gari tu, likaondoka Gibraltar likiwa gari la wagonjwa. Sikujua nifanye nini na habari hiyo, nikaiandika pembeni kwa penseli.

La nne lilileta ugomvi. Siku tuliyoyaunganisha madaftari yetu mawili, niliona kwamba mwenzangu wa Kasulu ameandika "Tanzania" mbele ya pikipiki za Boxer. Nilicheka kwa sauti. Yeye hakucheka.

"Unacheka nini?" akaniuliza. "Kanuni yako inasema nchi ya gari ni pale lilipoundwa. Mimi nimeziona kwa macho yangu zikitolewa ndani ya maboksi pale Kasulu. Fundi alifunga gurudumu la mbele, akafunga usukani, akatia betri na vioo, akamimina mafuta, akapiga teke, ikawaka. Kabla ya hapo haikuwa pikipiki. Ilikuwa boksi."

Darasa zima likaangua kicheko, na mara hii nilikuwa mimi nisiyecheka, maana sikuwa na jibu. Wengine wakawa upande wake, wengine upande wangu. Mmoja akauliza habari za mabasi, ambayo chesisi yake huweza kutoka Ulaya na bodi yake ikafungwa Kenya. Mwingine akakumbusha kwamba zamani, huko Kibaha, kiwanda cha TAMCO kilikuwa kikiunganisha malori ya Scania kwa vipande vilivyotoka Sweden. Je, lori kama hilo ni la Sweden au la Kibaha? Kelele zikawa nyingi mpaka mwalimu akaingia.

Mwalimu alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuambia kwamba ugomvi wetu una umri mkubwa kuliko shule yetu. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyolazimu bidhaa za kigeni ziandikwe mahali zilikotengenezwa. Waingereza walitaka watu wazitambue bidhaa za Ujerumani na kuziepuka. Ikawa kinyume. Watu walipoziona kuwa ni imara, wakaanza kuzitafuta kwa ajili ya maandishi yale yale yaliyowekwa ili kuzikimbiza.

Akaendelea kutueleza kwamba hata watu wa forodha husumbuka na jambo hili, tena wao wana fedha na ushuru mikononi mwao. Mkataba wa Kyoto wa mwaka 1973 uliweka wazo kwamba bidhaa iliyopita nchi nyingi ihesabiwe kuwa ya nchi ile ambako ilipata badiliko kubwa la mwisho. Kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki nazo hufuata njia hiyo, na husema kwamba kuunganisha vipande kwa namna nyepesi hakutoshi kuipa bidhaa asili mpya. Kufunga gurudumu na usukani ni kazi nyepesi. Kuchomelea bodi, kuipaka rangi, kufunga injini na nyaya na kulipima gari mpaka likubaliwe, kama ifanywavyo katika viwanda vya Nairobi, Thika na Mombasa, ni kazi nyingine.

"Kwa hiyo nani ameshinda, mwalimu?" tukauliza.

"Hakuna," akajibu. "Mtu wa forodha anauliza kwa sababu ya ushuru. Ninyi mnauliza kwa sababu gani?"

Tukanyamaza. Ndipo mwenzangu wa Kasulu aliposema maneno ambayo sijayasahau. Yafaa niwaeleze kwanza kwamba babu yake alivuka mto Malagarasi mwaka 1972, wakati wa mauaji ya Burundi, akafika Kasulu akiwa kijana. Baba yake alizaliwa Kasulu, naye mwenyewe amezaliwa huko huko.

Akasema, "Mimi nikiulizwa asili yangu, kwanza humtazama anayeniuliza. Nesi akiniuliza, nataja kijiji nilikozaliwa, maana ndiko niliko na kadi ya kliniki. Wazee wa ukoo wakiniuliza, nataja mlima wa babu, ambao sijauona. Mtu mwenye fomu akiniuliza, namuuliza naye: unataka ya babu au yangu? Majibu yote ni ya kweli. Lakini fomu ikiwa na nafasi moja tu, lazima jibu moja litupwe nje."

Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu aelezaye namna ya kufunga mzigo juu ya baiskeli, jambo alilolifanya mara nyingi. Lakini darasa lilitulia, na mwalimu akasimama akitazama dirishani. Mimi nilitazama safu yangu ya nne, ile nyembamba niliyoipiga kwa rula, nikaona kwamba kosa halikuwa katika majibu yangu peke yake. Kosa lilianza nilipochora safu moja mahali palipotaka kadhaa.

Siku ile tuliubadili mpango wa daftari. Badala ya safu moja ya asili, tukaweka nne. Ya kwanza ni nchi ya jina, yaani kampuni ilikoanzia. Ya pili ni nchi ya mwenye mali, yaani makao ya kampuni inayoimiliki sasa. Ya tatu ni nchi ya kuundwa, kama isemavyo namba ya chesisi. Ya nne ni nchi ya mwisho lilikopita kabla ya kuingia kwetu. Pembeni tukaacha nafasi ya kuandika tumejuaje: kwa kibati, kwa kadi, au kwa kuambiwa. Pale ambapo hatukujua, tulikubaliana kuacha wazi. Zamani nilikuwa nikiona aibu kuacha nafasi wazi katika daftari. Sasa naona aibu kuijaza kwa dhana.

Tena tuliafikiana kwamba mtu akitaka nchi moja tu, apewe ya tatu, ilikoundwa, maana hiyo ndiyo imfaayo fundi na mwenye gari. Pikipiki za Kasulu zikarudi India, kwa kuwa injini na fremu zilikuja zikiwa zimekamilika. Mwenzangu alikubali, lakini alidai tuandike pembeni: "Imefungwa Kasulu." Tukaandika, maana ni kweli, na yule fundi wa stendi aliyeifunga alistahili kutajwa.

Mwalimu alituuliza tena kama katika kurasa zote hizo kuna gari hata moja ambalo safu zote nne zingejazwa Tanzania. Tulitafuta tukakosa. Mmoja wetu alitaja shirika la Nyumbu la Kibaha, lililo chini ya jeshi letu, ambalo limebuni na kuunda malori kwa mikono ya Watanzania. Lakini hatukuwa tumeliona lori la Nyumbu likipita Kibondo wala Kasulu katika siku zetu za kazi, na daftari letu ni la yale tuliyoyaona tu. Tukauacha ukurasa mmoja mtupu kwa ajili yake. Nadhani ukurasa huo ndio uliomfurahisha mwalimu kuliko mwingine wowote.

Klachi ya pili iliagizwa kwa kusoma alama zote 17, moja moja, mimi nikizisoma na mzee dereva akizirudia katika simu. Ilifika, ikaingia bila ugomvi. Pikapu ilipowaka, mzee aliniita nikae mbele, tukaenda pamoja kuchukua unga. Njiani hakusema lolote juu ya yaliyopita. Tulipofika kilele cha mlima, alinionyesha lori lililokuwa likija, akaniuliza, "Haya, mwandishi, lile ni la nchi gani?"

Nikamjibu, "Sijui, mzee. Sijalisoma."

Akacheka mpaka akapiga usukani.

Wenzangu, wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza, kwa kuwa nimelipia somo hili, au tuseme wengine wamenilipia, kwamba kujibu pasipo kuuliza ndio ujinga wenyewe. Mtu akikuuliza kitu kimetoka wapi, mwulize kwanza anataka kujua kwa ajili gani. Kisha nenda ukakitazame kitu chenyewe, hata kama kimo chini ya tope. Kidole gumba kimoja kinatosha kulisugua.

Daftari letu lipo maktabani, rafu ya Jiografia. Kurasa zangu 6 za kwanza zingalimo na mstari mwekundu juu yake, sikuzichana. Mtu yeyote aonaye kosa katika kurasa zilizobaki anakaribishwa aje na kalamu yake, ila aandike na pembeni amejuaje.